Je, Chai na Uji Ni Maji?

Mwezi huu ukurasa wetu wa siha ya nyumbani una swali moja tu, nalo limetoka kwa mwalimu wa shule aliye hapa Kipili. Swali ni fupi, walakini kisa chake si kidogo, na ndiyo sababu tumeliweka mbele ya mengine.

Mwalimu huyo asema kwamba alisoma katika simu yake ya kuwa kila mtu sharti anywe bilauri nane za maji kila siku. Tena yawe maji matupu, maana chai, uji, maziwa na togwa havihesabiwi. Akaliona neno hilo ni jema. Akalifundisha darasani, kisha akalifanya kuwa sheria nyumbani mwake. Mkewe alikuwa na desturi ya kuchemsha sufuria moja ya maji kila jioni, kwa kuwa kuni ni za kutafuta mbali na mkaa ni wa kununua. Sufuria ile ilikuwa ikiwatosha. Lakini ilipowapasa watoto wanne na wakubwa wawili kutimiza bilauri nane kila mmoja, maji yaliyochemshwa yakawa yaisha kabla ya adhuhuri. Watoto ni watiifu. Wakachota katika ndoo ya maji ya ziwa yaliyoletwa kwa kuoshea vyombo, wakanywa vivyo hivyo, ili hesabu ya baba itimie. Juma la pili kitinda mimba akashikwa na kuhara, akapelekwa zahanati amelegea, macho yamedidimia. Twashukuru kwamba mtoto amepona. Sasa baba yake auliza: Je, uji aliounywa asubuhi ile haukuwa maji? Na kama ulikuwa maji, mbona nilimtuma ndooni?

Mwalimu, twakujibu mbele ya wote, kwa sababu twajua hukukosa peke yako. Naam, uji ule ulikuwa maji. Chai ni maji, maziwa ni maji, togwa ni maji, na mchuzi wa maharage nao ni maji. Mwili haujui majina ya vinywaji. Tumbo lipokeapo kikombe cha chai, hulichukua lile maji lililomo na kulitia katika damu, kama lifanyavyo kwa maji ya mtungini. Basi la kuuliza juu ya kinywaji si jina lake. Ya kuuliza ni mawili: limeandamana na nini maji hili, na je, limepita motoni? Haya ndiyo tutakayoyaeleza leo.

Kwanza tutazame hesabu yenyewe. Mwili wa mtu mzima, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Kila siku twapoteza sehemu yake kwa mkojo, kwa jasho, kwa choo, na hata kwa pumzi. Yapotezwayo yapaswa kurudishwa. Mwaka 2010 wataalamu wa Ulaya waliohusika na usalama wa chakula walipima jambo hili, wakasema kwamba mwanamke mzima yamtosha kama lita 2 kwa siku, na mwanamume lita 2 na nusu, mahali pasipo joto jingi na kwa kazi ya kadiri. Lakini angalieni vema: hesabu hiyo ni ya maji yote, ya vinywaji vyote pamoja na ya chakula. Wataalamu wa Marekani walitaja kiasi kikubwa zaidi mwaka 2004, nao vilevile walihesabu vyote pamoja, wakasema kwamba kama sehemu moja katika tano yatoka katika chakula.

Nasi tulao ugali twaweza kuliona jambo hili kwa macho. Mama atia maji sufuriani, kisha atia unga, asonga. Yale maji yamekwenda wapi? Yamo katika ugali, na zaidi ya nusu ya ugali ule ni maji. Maharage yaliyoiva yana maji mengi. Samaki wa mchuzi kadhalika. Na papai, chungwa, tango na tikiti ni maji karibu yote. Mtu ashibaye kwa chakula cha namna hii amekwisha kunywa sehemu yake bila kushika bilauri.

Basi, hizo bilauri nane zilitoka wapi? Wengi hudhani mwanzo wake ni mwaka 1945. Mwaka huo Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima huhitaji kama lita 2 na nusu za maji kwa siku. Walakini maneno yaliyofuata yalieleza ya kuwa sehemu kubwa ya maji hayo imo katika chakula kilichopikwa. Watu wakayashika maneno ya kwanza, ya pili wakayasahau. Mwaka 2002 mtaalamu mmoja wa figo huko Marekani, Heinz Valtin, alitafuta katika vitabu vya elimu ushahidi wa sheria hii ya bilauri nane kwa watu wazima wenye afya, wala hakuuona. Neno likisemwa na wengi hugeuka kuwa sheria, hata kama aliyelisema kwanza hajulikani.

Sasa tuje kwa chai na kahawa, maana hapa ndipo watu wengi hubishana. Husemwa kwamba chai yakausha mwili, kwa kuwa humpeleka mtu haja ndogo. Neno hili lina chembe ya kweli. Ndani ya chai na kahawa mna kitu kiitwacho kafeini, nacho kikizidi sana huzihimiza figo zitoe maji. Lakini kafeini iliyomo katika kikombe cha chai ni kidogo, na mtu aliyezoea kuinywa huathirika kidogo zaidi. Huko Uingereza, mwaka 2014, wanaume 50 waliozoea kahawa walinywa vikombe vinne kwa siku kwa siku kadhaa, na siku nyingine wakanywa maji badala yake. Walipopimwa, maji ya miili yao hayakuonekana kuwa na tofauti. Mwaka 2016 wengine 72 walijaribiwa kwa vinywaji 13 mbalimbali. Chai na kahawa vilikaa mwilini sawasawa na maji. Maziwa yalikaa zaidi ya maji, kwa kuwa yana chumvichumvi na virutubisho ambavyo huyafanya yatoke tumboni polepole. Majaribio haya hayakufanywa kwa uji wetu wa ulezi, lakini uji nao ni maji na unga, wala hauna kafeini.

Hata hivyo, chai ina lake la kuangaliwa. Ndani yake mna kitu cha kukereketa kinachozuia mwili usipate vema madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Chuma ndicho kinachojenga damu. Kwa hiyo mama mjamzito, na mtoto mdogo, na msichana aliyevunja ungo, wasiinywe chai pamoja na chakula chao cha maharage au mboga. Na wangoje kama saa moja. Tena sukari isizidi. Vijiko vinne katika kila kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko kumi na viwili, na meno na damu vitadai deni lao.

Neno la soda ni hilohilo, nalo ni zito zaidi. Soda ni maji, hatukatai. Lakini chupa ya mililita 350 aghalabu ina sukari ya gramu 35 au zaidi, na Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2015 ya kwamba sukari ya kuongezwa isifikie gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ni afadhali isizidi 25. Basi soda ni ya sikukuu. Si ya kukata kiu ya kila siku.

Togwa yastahili sifa. Mama apika uji, auacha upoe kidogo, atia unga wa kimea cha ulezi, auweka uchachuke kwa usiku mmoja. Uchachu ule hauwapendezi vijidudu vya kuhara. Mwaka 1999 wataalamu Kingamkono, Sjögren na Svanberg walitoa habari za watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano waliopewa togwa. Vijidudu vya maradhi katika choo chao vilipungua. Bibi zetu hawakuwa na darubini, lakini walijua kwamba togwa haimdhuru mtoto. Sharti lake ni hili: chombo kiwe safi, mwiko uwe safi, wala usizimue togwa kwa maji mabichi. Na togwa iliyokaa siku nyingi hata ikaanza kulevya, hiyo si ya mtoto tena.

Na pombe je? Tulijua mtauliza. Hatutaki kusema uongo hata kwa kutetea neno jema, basi tutasema ilivyo. Katika jaribio lile la mwaka 2016 bia nayo ilikuwamo, na kwa muda wa saa chache haikuonekana kutoa maji mwilini kuliko maji yenyewe. Pombe hafifu hubakiza maji yake. Lakini kadiri ukali wake unavyozidi, ndivyo inavyozidi kuinyamazisha homoni iziambiayo figo, "Yashikeni maji." Figo zisipoisikia, huyaacha yaende. Pombe ya ulezi ya nyumba hii si sawa na ya nyumba ile; hakuna aipimaye ukali wake. Gongo ndiyo mbaya kabisa. Tena mlevi hajui kiu yake, halali vema, hukojoa usiku kucha, na asubuhi kichwa chamwuma. Mvuvi aliyekunywa hivyo kisha akaingia mtumbwini na kukesha akivua dagaa, amepanda chomboni na upungufu wa maji na upungufu wa akili pamoja. Kwa hiyo pombe tusiitie katika hesabu ya maji ya nyumba.

Wapo wawili ambao hesabu yao ni ya peke yake. Wa kwanza ni mtoto mchanga. Tangu kuzaliwa hata atimize miezi sita, asipewe maji, wala uji, wala chai, hata kukiwa na joto kali la huku ziwani. Maziwa ya mama, karibu sehemu tisa katika kumi ni maji, nayo yamtosha kwa kiu na kwa njaa. Kijiko cha maji apewacho kwa huruma huijaza nafasi ya maziwa, na huenda kikamletea maradhi. Wa pili ni mama anyonyeshaye. Yeye huhitaji kama mililita 700 zaidi kila siku. Basi bakuli la uji apewalo na mkwe wake si anasa. Baba, ukimwona mkeo akinyonyesha, mletee kikombe kabla hajakiomba.

Sasa tufike penye hatari, yaani mtoto anayeharisha. Hapa maji matupu hayatoshi, na soda au chai yenye sukari nyingi huweza kuzidisha kuhara. Mtoto amepoteza maji na chumvi, na utumbo wake huyapokea maji vizuri zaidi yanapoandamana na chumvi na sukari kwa kipimo cha haki. Hii ndiyo maana ya zile pakiti za ORS mpewazo zahanati: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Ikikosekana, tia katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu, visivyojaa kilima. Msizidishe chumvi. Mtoto aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila ahapo. Aliyezidi umri huo, 100 hadi 200. Tena kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Anyonyaye aendelee kunyonya. Na akiwa mlegevu, au macho yamedidimia, au hawezi kunywa, au choo kina damu, msingoje asubuhi. Mpelekeni zahanati usiku huohuo.

Nguvu ya dawa hii ndogo ilionekana mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India. Kipindupindu kilikuwa kikiua, na maji ya kutiwa katika mishipa yaliwaishia waganga. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi, wakinyweshwa na ndugu zao wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hata chini ya 4. Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Mwezi wa Mei 2015, katika ziwa letu hili la Tanganyika, huko Kagunga upande wa Kigoma, wakimbizi waliotoka Burundi walijaa ufukoni, na kipindupindu kikawashika maelfu ya watu na kuua zaidi ya 20. Maji ya ziwa hutakata kwa macho, hata mtu aona mawe ya chini; lakini kijidudu hakionekani kwa macho.

Ndiyo maana twasema kwamba swali la pili, la moto, ni kubwa kuliko swali la bilauri ngapi. Uzuri wa chai na uji ni kwamba maji yake yamechemka. Kikombe cha uji ni maji yaliyokwisha kusafishwa na moto uleule uliopika chakula, kuni hazikuongezwa. Mama aliyewapa watoto uji asubuhi na chai jioni amekwisha kuwapa sehemu njema ya maji yao. Yaliyobaki ndiyo ya kuchemsha. Watu wa Sumbawanga wasiogope kwamba huko juu maji huchemka upesi, kwenye kama digrii 94, na huku Kipili kama 97. Joto hilo latosha kuua vijidudu. Yakiisha kutokota sawasawa, yaacheni yatokote dakika moja, na huko juu sana kwenye milima dakika tatu. Kisha yafunikwe, wala mkono usitiwe ndani.

Asiye na kuni atumie jua. Chukua chupa ya plastiki iliyo nyeupe, isiyozidi lita mbili, ijaze maji yasiyo na tope, uilaze juu ya bati tangu saa tatu asubuhi hata saa tisa alasiri. Jua la saa sita huua vijidudu. Siku za mawingu, ziwe siku mbili. Klorini iuzwayo madukani nayo yafaa, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Na mvuvi ajazaye chupa mbili nyumbani kabla ya kwenda kuvua hatakuwa na haja ya kuteka ziwani usiku.

Huenda mtu akauliza: Basi, bila bilauri nane nitajuaje kwamba nimekunywa ya kutosha? Mwenye afya, kiu yake ni mwalimu mwema. Tena atazame mkojo wake. Ukiwa wa manjano hafifu, maji yatosha. Ukiwa mzito kama chai ya rangi, na mchache, anywe. Lakini mzee huchelewa kusikia kiu, na mtoto achezaye huisahau, na mlimaji wa matuta juani huidharau. Hao wakumbushwe, wapewe kikombe mkononi. Naye aliyeambiwa na mganga apunguze maji, kwa ajili ya moyo au figo, amtii mganga wake, asitii ukurasa huu.

Mwalimu mpenzi, tukuambie nini mwishoni? Rudi darasani, uwaambie watoto mbele ya wote kwamba jana ulifundisha bilauri nane, na leo umejifunza zaidi. Mwalimu ajisahihishaye hapungukiwi na heshima. Huwafundisha watoto neno la pili lililo bora kuliko la kwanza. Kisha wafundishe sheria fupi: uji ni maji, chai ni maji, matunda ni maji, na maji ya ndoo si ya kunywa mpaka yapite motoni au juani. Na jioni, mama watoto atiapo sufuria jikoni, yafaa baba mwenye kuweka hesabu ndiye akatafute kuni.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya mtungi wa maji: namna ya kuuosha, na mahali pa kuuweka. Wenye maswali na watuletee.